Andika: Maji ya Kunde

Mume wangu, Mwalimu Donatus, anajua Kiswahili kuliko Waswahili wenyewe. Sisemi kwa kumsifu, nasema kwa hasira. Amefundisha shule ya msingi hapa Ushirombo miaka thelathini na moja, amestaafu, na mpaka leo ukimsalimia kwa kukosea anakurudisha mlangoni uanze upya. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa Ibadakuli kule Shinyanga, na ulimi wangu una mambo yake. Nikisema "nakwenda kura ugali", Mwalimu haniulizi kama nina njaa. Anasema, "Kura inapigwa, Paskazia. Ugali unaliwa." Basi mtu huyo mwenye maneno yote hayo kichwani, alipoandika tangazo la redio la kumtafuta mtoto wetu, akaenda kuchagua neno moja bovu kuliko yote.

Siku lilipotangazwa nilikuwa uani napepeta mchele, redio iko dirishani. "Anatafutwa Meshack Donatus Ngassa, umri miaka ishirini na sita. Ni mwembamba, urefu wa wastani, mweupe, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Aliondoka nyumbani kwao Ushirombo miaka sita iliyopita. Mwenye taarifa zake apige namba ifuatayo."

Mweupe! Nikaacha kupepeta. Mwalimu alikuwa ameketi barazani anatikisa kichwa taratibu, ameridhika na sentensi zake.

"Baba Meshack," nikamwita, "umeandika mweupe?"

"Wanataka maneno machache," akasema. "Nimefupisha."

Meshack sio mweupe. Mweusi pia sio. Meshack ni maji ya kunde, na mtu yeyote aliyemwona hata mara moja angekwambia hivyo. Kwingine mtu akiitwa mweupe anaitikia na maisha yanaendelea. Nyumbani kwangu neno hilo lilikuwa shitaka, na mshitakiwa nilikuwa mimi.

Ngoja nieleze. Mimi ni mweusi, na sio weusi wa kubahatisha, ni mweusi tii. Kwetu Usukumani msichana mweupe anapoposwa, wazee wanaongeza ng'ombe. Mimi nilipoposwa wajomba zangu walicheka wakasema huyu mkimwoa usiku mtampoteza humo humo ndani. Mwalimu naye ni hivyo hivyo, mweusi wa kung'aa, mwenye meno mazuri. Tukapendana weusi wawili, hakuna aliyemdanganya mwenzake. Halafu akazaliwa Meshack.

Mtoto mchanga kila mtu anajua anazaliwa na wekunduwekundu, rangi inakuja baadaye. Ukitaka kujua atakuwaje, unamwangalia ncha za masikio. Wanawake waliokuja kunipa pole ya uzazi walimgeuza geuza wakamwangalia masikio, mmoja akasema, "Huyu atakuwa maji ya kunde," akanirudishia mtoto wangu, tukanywa uji. Kwao yalikuwa yameisha.

Ila Mageni hakuwa ameyamaliza. Mageni ni dada yake Mwalimu, baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake Mwalimu, Nyamizi, alifariki Mwalimu akiwa na miaka minne. Baba yake akaoa mke mwingine, ndiye aliyemzaa Mageni, ndiye aliyemlea Mwalimu. Mageni akamshika mtoto wangu, akamwangalia, akasema mbele ya watu wote, "Huyu kafuata nani? Kwetu hakuna mweupe."

Nilingoja mume wangu aseme neno. Hakusema. Kuanzia hapo Mwalimu naye akawa anasema, "Mweupe wako kalala?" "Mweupe wako kafeli hesabu." "Mwambie mweupe wako achunge mbuzi wasiingie kwenye mihogo." Alikuwa anatabasamu akisema, ili nikikasirika nionekane mimi ndiye mwenye jambo. Mbele ya Mungu sijawahi kumjua mwanaume mwingine. Niliapa mpaka nikachoka. Yeye akajibu, "Mbona unaapa, Paskazia? Nani kakuuliza?" Eti nani kakuuliza!

Mtoto alikuwa anasikia yote. Alikua mpole, msomi, amebandika macho kwa baba yake muda wote. Baba akiweka kalamu sikioni, naye anatafuta kijiti anaweka. Nilikuwa namwangalia nafsi inaniuma.

Kilichomwondoa ni msiba. Babu yake, Mzee Ngassa, alipofariki, Meshack alikuwa na miaka ishirini. Desturi ya ule ukoo ni kwamba watoto wa kiume wa marehemu wanaweka udongo kwanza, halafu mjukuu wa kwanza wa kiume anapewa jembe, ndipo watu wengine wafuate. Mjukuu wa kwanza ni Meshack. Akasogea kaburini, akashika mpini. Mageni akaja akautoa mkononi mwake, taratibu tu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema, "Subiri kwanza, baba. Waanze wa ukoo." Akampa mwanawe.

Meshack akamtazama baba yake. Watu mia mbili pale, wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama chini.

Wiki ile ile kijana akaondoka. Aliniaga mimi peke yangu, kule kisimani. Akasema anakwenda kwenye dhahabu, Geita huko, nisimtafute. Nilimwambia, "Baba yako hakusema neno baya." Akajibu, "Ndiyo, mama. Hakusema." Ni miaka sita sasa. Asikudanganye mtu kwamba unazoea. Nilikuwa napakua ugali wa watu watatu, kila siku, halafu nakumbuka, narudisha sufuriani.

Basi ndiyo lile tangazo. Mwezi mzima ukapita hakuna aliyepiga. Ndipo Makoye, anayepeleka mchele machimboni, akanitembelea akasema, "Mama Meshack, shikamoo. Kuna mtu nilimwona Rwamgasa safari iliyopita, kwenye banda la chakula, nikasema huyu ni Meshack, ila gari lilikuwa linaondoka." Sikumwambia hata Mwalimu. Nilifunga kanga, nikachukua kimkoba changu, nikapanda gari mpaka Katoro, nikamalizia na bodaboda.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mtoto wangu kwa rangi yake. Mayu! Kufika Rwamgasa nikakuta watu wote wana rangi moja. Wanaotoka kwenye maduara, yale mashimo wanayochimba, wanatoka wamepakaa udongo mwekundu mpaka kope. Wanaokaa kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, ni vumbi jeupe kuanzia nywele. Mweusi, mweupe, maji ya kunde, wote unga. Jina nalo halikunisaidia, maana kule hakuna anayetumia jina la ubatizo. Niliuliza Meshack Donatus tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, watu wananiangalia kwa huruma tu.

Nikaishia kwenye banda la mama lishe mmoja anaitwa Violeth, mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, redio yake inaimba juu ya kabati la sahani. Alinipa maji kabla sijaomba. Nikamweleza.

"Mama, hapa kwa jina hutampata," akasema. "Niambie ana tabia gani."

"Mpole. Mtoto wa mwalimu."

Violeth akaacha kukoroga mchuzi. "Anakosoa watu wakiongea?"

Nikaweka maji chini. "Anakosoaje?"

"Yupo mmoja hapa tunamwita Ticha. Vijana wengi ni Wasukuma kama mimi, mtu anakuja anasema, 'Violeth, nataka kura.' Yeye amekaa pale na sahani yake, hata kichwa hainui, anasema, 'Kura inapigwa, ndugu. Ugali unaliwa.'"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, halafu kicheko kikageuka, nikalia mbele za watu, kamasi na machozi, bila aibu. Miaka yote nimetafuta kitu cha kumwonyesha yule mwanaume kwamba huyu ni damu yake, kumbe mtoto alikuwa anamtoa baba yake mdomoni kila siku kwenye banda la chakula!

"Yuko wapi?" nikamuuliza. "Violeth mdogo wangu, yuko wapi sasa hivi?"

Akakaa chini. Alipokaa nikajua.

"Mwezi uliopita tulikuwa hapa hapa mchana, redio iko wazi," akasema. "Likapita tangazo la kutafuta mtu. Mimi hata sikulitilia maanani, jina silijui, halafu wakasema mweupe, nikawaza weupe tunaowajua hapa ni wawili tu, na wote ni watu wazima. Nikamwona Ticha ameweka tonge chini. Akasema, 'Bado.' Nikamuuliza, bado nini? Akasema, 'Bado mimi ni mweupe wao.' Sikumwelewa. Nikadhani ni malaria. Kesho yake asubuhi akaja kuniaga na begi, akasema anakwenda mbele. Mama, wakisema mbele, mbele ni popote. Laini yake ya simu kaitupa."

Nilikaa pale mpaka jioni. Nilimuuliza Violeth alikuwa anakaa benchi gani, nikahamia benchi hilo. Nikamuuliza anakula nini, akasema ugali na dagaa, nikaagiza ugali na dagaa, nisiweze kuumeza. Nilimuuliza amekonda? Anakohoa? Shati gani alikuwa amevaa siku ile? Ana mtu wa kumfulia? Nilitaka kila kitu, hata vitu vya kijinga. Alinijibu vyote bila kuchoka, Mungu ambariki. Kuhusu shati alisema la bluu, limechanika bega. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nashona lile bega kichwani.

Nilipofika nyumbani sikusalimia. Mwalimu alikuwa barazani na gazeti.

"Meshack alisikia tangazo lako," nikamwambia.

Gazeti likashuka. Nilimwona usoni, na lazima niseme haki: uso ulifunguka. Alikuwa anamtaka. Yule mwanaume alikuwa anamtaka mtoto wake siku zote, hajui tu njia ya kumfikia.

"Alisikia? Akasemaje? Mbona hakupiga?"

"Alihama. Alisikia umemwita mweupe, akachukua begi akaenda mbele zaidi." Nikamweleza yote, neno kwa neno, na ya kura na ya ugali nikayaweka mwisho, nikayasema polepole ili yaingie.

Halafu ubishi wake ukamrudia, maana ndiyo fimbo anayoegemea akizidiwa.

"Sasa ningeandika nini? Tangazo la mtu aliyepotea lazima liwe na rangi."

"Ungeandika maji ya kunde."

"Hiyo sio rangi. Hiyo ni mboga."

"Mwalimu!"

"Nieleze basi. Kunde zipo nyeusi, zipo nyekundu, zipo nyeupe zenye jicho. Maji ya kunde zipi? Yaliyochemka kiasi gani? Nani alianzisha? Neno lazima liwe na asili yake, Paskazia, lazima ujue limetoka wapi."

"Limetoka jikoni," nikamwambia. "Ndiyo maana hulijui."

Nilikuwa na hasira za kubomoa nyumba, nikaamua nizipeleke kwenye kazi. Nikaingia stoo, nikachota kunde zetu wenyewe, zile nyekundu ndogo, nikaosha, nikateleka pale pale uani mbele yake. Nikamvutia kigoda. "Kaa hapa," nikasema. "Leo mwanafunzi ni wewe."

Alikaa! Nadhani alikuwa amechoka kuliko nilivyojua.

Nikamweleza kama mama yangu alivyonieleza Ibadakuli, nikiwa msichana ninayelilia weusi wangu. Mama alisema mweupe na mweusi ni maneno ya kugombanisha, mtu anayatumia akitaka kupandisha mmoja na kushusha mwingine. Lakini wanawake wakikaa wenyewe wanamtazama mtoto mchanga, hawana haja ya kumpandisha wala kumshusha. Wanataka kusema tu walichokiona. Na wanachokiona kila siku ni chungu. Kunde ukizibandika, maji yanaanza meupe meupe, ya ovyo. Yakishika moto yanaingia wekundu. Ukisahau, yanakuwa meusi na mboga imeungua, utaulizwa ulikuwa wapi. Katikati ya hapo, kunde zimelainika, chumvi bado, ukifunua unakuta maji mazito kidogo, yametulia, yana rangi ya joto. Hayo ndiyo maji ya kunde. Hakuna mwanamke atakayekuuliza kunde zipi. Kila aliyepika anajua.

"Ni neno la watu waliokuwa wanamtazama mtoto vizuri," nikamwambia. "Wewe hukumtazama. Ulimsikiliza Mageni."

Tukangoja. Kunde hazina haraka, nazo hazikutaka kujua kwamba mimi nina hasira. Tulikaa pale wawili, moshi unatufuata, mpaka harufu ikabadilika. Nikafunua, nikachota maji kwa upawa, nikayamimina kwenye bakuli jeupe, nikamsogezea.

"Haya. Tazama. Huyo ndiye mtoto wako."

Mwalimu aliinamia lile bakuli. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama tena. Nilidhani anatafuta kosa. Halafu akalivuta bakuli karibu naye.

"Paskazia," akasema, sauti sio yake. "Huu ni mkono wa mama."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nakumbuka kitu kimoja tu kutoka kwa mama yangu," akasema. "Nimesimama kwenye karai, ananiogesha. Uso siuoni. Naona mkono tu, kuanzia hapa mpaka hapa, una bangili ya shaba, unanimwagia maji. Una rangi hii. Hii hii kabisa." Akagusa ukingo wa bakuli. "Nyumbani hakuna aliyekuwa anamtaja. Picha yake haipo. Mama wa kambo hakupenda jina lake lisemwe, na baba akalinyamazia. Nilipokua nikajiambia labda lilikuwa ni jua linapiga kwenye maji. Labda niliota. Watu wote niliowaona kwetu walikuwa weusi. Nikasema mama naye alikuwa mweusi, mimi ndiye nimebuni."

Miaka thelathini ya ndoa na sikuwahi kuyasikia hayo. Mtu amelala kando yangu na mkono wa mama yake kichwani, hajawahi kuniambia.

Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nikatamani kumpiga na upawa. Vyote viwili, nisikudanganye. Mimi nimeapa miaka yote ile hakuniamini, leo bakuli la kunde limeaminiwa!

"Miaka ishirini, Mwalimu!" nikampigia kelele. "Miaka ishirini mama yako alikuwa anatembea humu ndani! Anakula meza moja na wewe, anafua mashati yako, anaweka kijiti sikioni akufanane! Ulikuwa unamtamani mama yako, na ulikuwa naye hapa, unamwita mweupe wako!"

Alilia. Sijawahi kumwona Mwalimu analia, hata msiba wa baba yake hakulia. Alilia kwa sauti, ameshika lile bakuli kwa mikono miwili. Nilimwacha alie kwanza, kwa sababu nilikuwa namdai yale machozi. Baadaye nikamnyang'anya bakuli nisije nikapoteza bakuli pia.

Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti la kustaafia, akaniambia anakwenda mjini kwenye ile redio. Nikamwambia hakikisha wanaandika vizuri. Akasema, "Hawataandika. Nitasema mwenyewe." Na namba aliyobeba safari hii ilikuwa ya simu yangu, kitochi changu. "Kwangu hatapiga," akasema. Hilo nalo alikuwa amelifikiria.

Walimkatalia, kama nilivyosikia baadaye. Walimwambia matangazo yanasomwa na mtangazaji. Akakaa kwenye ngazi za ofisi yao siku nzima na koti lake, hali hanywi, kila anayepita anamwambia, "Mimi nimefundisha nchi hii kusoma, nitashindwaje kusoma tangazo moja?" Kesho yake wakamwonea huruma au wakamchoka. Akanipigia: atasoma saa nane mchana, baada ya salamu.

Saa saba tu mimi nilishakaa uani. Redio dirishani, ungo wa mchele kando, simu juu ya kigoda mbele yangu, nimeichaji mpaka ikajaa. Kwa mbali huko Rwamgasa nilijua Violeth naye amefungulia redio yake, maana nilishamwambia. Zikasomwa salamu za watu, salamu haziishi, Noela wa wapi sijui anamsalimu shemeji yake. Nikasema leo hawa watu watanitoa roho.

Halafu nikamsikia. Kwanza alikohoa. Akaanza vizuri, kwa sauti yake ya darasani.

"Naitwa Donatus Ngassa, mwalimu mstaafu, wa Ushirombo. Namtafuta Meshack Donatus Ngassa, umri miaka ishirini na sita. Mwembamba. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, alilipata kwenye baiskeli yangu nilipokuwa namfundisha." Karatasi ikasikika inakunjwa. "Rangi yake ni maji ya kunde. Ni rangi ya, ni ya mama yangu. Mama yangu mzazi, Nyamizi. Nilikuwa sijui. Hapana, nilikuwa najua, nilikuwa sikumbuki kama najua." Mwalimu Donatus anajikanyaga redioni, nchi nzima inasikia! "Meshack. Siku ya kumzika babu yako ulinitazama, nami nikatazama chini. Jembe lilikuwa lako. Walionisikia siku ile nimenyamaza, basi leo wanisikie. Meshack ni mwanangu. Ni mwanangu wa kumzaa, na mama yake hajawahi kunikosea. Kama unataka kurudi, rudi. Kama hutaki, ni haki yako. Lakini ni mwanangu."

Mtangazaji akasoma namba yangu mara mbili, wakaweka muziki.

Nilikuwa nimeshika kanga yangu mdomoni, nimeiuma. Simu ikaita papo hapo, nikairukia. Alikuwa ni Mageni. "Kaka kachanganyikiwa? Anatuaibisha kwenye redio?" Nikamwambia, "Wifi, nahitaji laini," nikamkatia. Ikaita tena, jirani ananipa hongera. Nikamkatia naye. Ikaita Violeth, analia, anasema banda zima limenyamaza. Nikamwambia asante mdogo wangu, kata, kata.

Kisha haikuita.

Kuku walikuja wakala mchele wangu wote kwenye ungo, niliwatazama tu. Nikasema labda kule alikokwenda redio hii haifiki. Labda yuko chini shimoni. Labda amesikia na hataki, na nani atamlaumu? Nikaanza kuomba, nikachanganya sala, Salamu Maria naimalizia na Baba Yetu. Niliongea na ile simu. Nilimwambia ng'wana wane, mtoto wangu, sikuombi urudi, nataka tu kujua unapumua.

Jua lilikuwa limeanza kushuka ilipoita, namba nisiyoijua. Nikapokea, nikaibana sikioni. Nilisikia karasha linasaga mawe kwa mbali, na mtu anavuta pumzi.

"Meshack," nikasema.

"Mama, shikamoo."

Ile sauti! Imekuwa nzito, ya mwanaume. Nikasema marahaba, nikasema marahaba tena, marahaba kama mara nne, maana kila neno lingine lilikuwa limekwama. Nilikuwa na miaka sita ya maneno na sikuweza kutoa hata moja.

"Umemsikia baba yako?" nikamuuliza mwishoni.

"Nimemsikia."

Karasha likazimwa huko kwake, kukawa kimya kabisa, nikamsikia anajitahidi asilie, anashindwa.

"Nimemsikia vizuri," akasema. "Lakini mwambie arudie, mama."